Kitabu Changu cha Kwenda Idjwi

Kitabu hicho nilikinunua Ubelgiji wiki mbili kabla ya kurudi, na nilikinunua kwa makini, kwa sababu mimi si mtu wa kudanganywa na jalada. Nina diploma ya utalii. Niliipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini wala padri wa kuniandikia barua, kwa miaka sita ya kuosha sahani za watu na kusoma nikiwa nimesimama kwenye treni. Kwa hiyo kuchagua kitabu cha kuongoza wasafiri ni kazi niliyofundishwa.

Duka lilikuwa na vitabu viwili tu kuhusu pande zetu. Cha kwanza kilikuwa chembamba, hakina picha hata moja. Mwandishi wake aliwahi kuishi Kivu, na karibu kila ukurasa alimwambia msafiri aulize sokoni kwanza. Nilicheka pale pale dukani. Mtu analipia kitabu ili asiulize. Cha pili kilikuwa kinene, chenye ramani ya kukunjua na saa za meli. Nilikipima kwa kutafuta Muhumba, mtaa nilimozaliwa. Niliukuta umeandikwa sawasawa, umewekwa mahali pake kando ya ziwa Kivu. Nikakinunua hicho kinene. Ni kweli kwamba mwanzoni kilikuwa na kisanduku chekundu kinachomshauri kila mtu asije kabisa, halafu kurasa nyingi za kumweleza pa kulala akija. Hilo sikulijali. Mimi nilikuwa narudi nyumbani.

Nilivuka daraja la Ruzizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kwa miguu nikiburuta masanduku mawili. Mji wetu wa Bukavu ulikuwa umebadilisha watawala. Kitabu changu kilijua serikali moja, na huku barabarani kulikuwa na nyingine. Mama alinipokea Muhumba, akanipikia ugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, na kabla sijamaliza akanipa ujumbe uliokuwa ukinisubiri.

Ulitoka kwa dada yake, mama mukubwa wangu, anayeishi kisiwa cha Idjwi. Ndiye aliyenilea hadi nikafika umri wa shule, kisha akanivusha ziwa kwa mtumbwi wa makasia, mimi nikiwa na miaka saba, ili nisomee Bukavu. Hajui kusoma. Muuza mananasi aliyetoka kisiwani alimwambia mama hivi: macho ya mama mukubwa yanafunga, moja limeshakwenda, na anataka niilete ile karatasi ya shule aione angali anaona.

"Nitakuwa huko keshokutwa," nilimwambia mama.

"Keshokutwa ya nani?" akauliza.

Nikamfungulia kitabu ukurasa wa meli. Kiliandika kwamba kuna boti ya Idjwi kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Mama hakutazama hata ukurasa. Aliendelea kuosha sufuria.

Keshokutwa yake nilikuwa bandarini tangu asubuhi, nimevaa koti, diploma ikiwa ndani ya bahasha ngumu ya plastiki. Boti ilikuwepo. Ilikuwa imelala ubavu kwenye matope na mbuzi wawili ndani yake. Nilimwuliza mwanamume aliyekuwa akishona nyavu inaondoka saa ngapi.

"Ile? Ile iko inaondoka tangu mwaka jana, tonton."

"Kitabu kinasema kila asubuhi."

"Basi panda kitabu."

Wenzake walicheka. Sikucheka. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yangu haikuwa juu ya boti. Nilijua kila siku ninayopoteza inakatwa kwenye jicho la mtu.

Njia nyingine ilikuwa kupanda gari hadi upande wa Katana, kupitia Miti na Kavumu, kisha kuvuka kwa boti ndogo ya injini. Safari hii nilijiandaa kitaalamu. Nilikaa siku nne nikiuliza watu wenye simu nzuri, wafanyakazi wa miradi, jirani aliyekuwa mwalimu, kila mmoja akanieleza wenye bunduki gani wanashika wapi. Nilitoa kalamu mbili. Kwenye ile ramani ya kukunjua nikapaka nyekundu sehemu za hawa na bluu sehemu za wale, nikatia alama ndogo kila mahali palipotajwa kizuizi. Ilipendeza. Ningeiwasilisha mbele ya walimu wangu wangenipa alama zote.

Mama aliiona mezani. "Unaenda nayo hiyo?"

"Ndiyo inayonipeleka."

"Ungengoja kwanza tuone kama kabichi za Miti zimeshuka."

Sikumwelewa, na nilidhani ni mawazo ya jikoni. Nilimjibu kwamba siendi kununua kabichi. Alichukua ufagio wake, kama anavyofanya akishaamua kwamba dunia ndiyo itakayonijibu.

Nilipanda teksi ya pamoja. Siti yangu ilikuwa karibu na mama mmoja mbebaji, mmoja wa wale wanaobeba magunia kwa kamba kwenye paji la uso. Njia nzima alitazama nje, akisema peke yake kwa sauti ndogo kwamba hakuna mtu anayeshuka kuelekea mjini. Kweli, barabara ilikuwa tupu. Nilifikiri ni bahati yetu, tutafika mapema.

Kabla ya Miti kulikuwa na kamba imevutwa barabarani. Kijana mwenye bunduki alitushusha wote, akapekua mikoba. Kwangu alifika kwenye kitabu. Kilijifungua chenyewe kwenye ramani.

Aliikunjua hadi mwisho. Kisha akamwita mkubwa wake, naye akaishika ramani kwa ncha za vidole kama kitu chenye maji.

"Nani alichora hii?"

"Mimi."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Ni kitabu cha watalii."

"Mutalii ni nani hapa?"

"Hakuna. Mimi nina diploma ya utalii." Nikaitoa kwenye bahasha, kwa maana nilidhani itanisaidia. Aliitazama kwa juu, akatazama kwa chini, akawaonyesha wenzake.

"Amesomea kutembea," alisema mmoja. Wakacheka sana.

Mkubwa hakucheka. Alikuwa bado kwenye alama zangu za vizuizi, anazihesabu kwa kidole. Hapo ndipo yule mama mbebaji alipoingilia, bila kuombwa na bila haraka.

"Papa, huyu ni mutoto wetu wa Muhumba. Alikaa Ulaya mingi, akili ya barabara ilimuisha. Mutu muovu anaweza kuandika ubaya wake na kalamu ya rangi?"

Tulikaa pale hadi jua likavuka katikati. Mwishowe walikichukua kitabu, wakanirudishia diploma, na teksi nzima ikageuzwa Bukavu kwa sababu yangu. Hakuna abiria aliyenisemesha. Yule mama tu, tulipokaribia mjini, aliniambia, "Wewe haukuona? Tangu asubuhi hakuna hata kichwa kimoja cha kabichi kilishuka. Kabichi ikikosa kushuka, sisi hatupandi. Mimi nilipanda juu ya shida yangu. Wewe ulipanda juu ya nini?"

Niliingiza diploma kwenye bahasha yake. Miaka sita ya masomo, na swali hilo halikuwemo.

Kila mtu mjini, kumbe, alikuwa akijua. Wakulima wa Miti hushusha mboga alfajiri. Mboga zikiwa tele sokoni, barabara ni nyeupe, unapita. Zikiwa chache, kuna kitu. Zisipokuwepo, unabaki kwako. Hakuna anayelieleza hilo kwa sababu hakuna anayefikiri kuna mtu asiyelijua. Kitabu chembamba kilinielekeza sokoni, nami nilikicheka dukani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko kitabu kuchukuliwa.

Siku tisa sokoni hakukuwa na kitu isipokuwa karoti zilizonyauka. Nilikwenda kila asubuhi, mimi na diploma yangu, nikitazama meza za wauza mboga kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku ya kumi mama aliniamsha.

"Kabichi na puaro, mboga za kila aina. Za kumwagika. Enda."

Saa nane mchana nilikuwa Idjwi. Hakuna aliyenisimamisha zaidi ya kusalimia.

Mama mukubwa alikuwa amekaa mlangoni mwake, uso umeelekea ziwani. Nilijua kabla hajasema. Alinigeukia kwa sikio.

"Umekawia," alisema. "Juma lililopita nilikuwa bado naona mikono yangu."

Nilimwekea diploma magotini. Nilianza kumweleza kuhusu kitabu na boti na ramani, akaniinulia mkono ninyamaze. Alipitisha vidole juu ya karatasi polepole, kona hadi kona, mpaka akafika kwenye muhuri wa kubonyea, ule unaojitokeza kidogo. Akarudi hapo mara tatu.

"Hapa ndipo wanasema umemaliza?"

"Hapo."

"Iko nguvu." Akaikunja, mbele ya macho yangu, mara mbili, karatasi ambayo sijawahi kuikunja, akaingia ndani akishikilia ukuta. Nilisikia godoro likiinuliwa na kushushwa.

"Mama mukubwa, hiyo ndiyo halisi. Wakubwa wa kazi wanaitaka."

"Itabaki hapa. Ukiitaka, njia sasa unaijua."

Ni mwezi wa tano sasa tangu siku hiyo. Nimeomba kazi sehemu tatu, na zote tatu zinataka karatasi yenyewe, si kopi. Nimekwenda Idjwi mara nne, na mara nne nimerudi mikono mitupu, nimelishwa mananasi, nimeambiwa nije tena. Leo asubuhi nilikuwa sokoni tena. Kabichi zilikuwa tano tu, na muuzaji alinitazama akatikisa kichwa kabla sijauliza.