Banda la Kwa Magamba

Walisema rangi haitakaa. Walisema barazani baada ya alasiri, walisema dukani, na Mzee Makame akaja kulisema hilo mpaka nyumbani kwetu, amesimama mbele ya banda la karafuu nililolijenga kwa mikono yangu, anayatazama mabati mapya yanavyomeremeta.

"Weye soma utakavyosoma," aliniambia. "Bati jipya hapa Gando halipakwi rangi likakubali. Muulize baba yako."

Baba alikuwa amekaa hapo hapo. Sikumuuliza.

Wenzangu wa rika langu hawahitaji maelezo, lakini wadogo nawaeleza. Siku zetu sisi, msimu wa karafuu skuli zilifungwa na kila mtoto alikuwa na kazi. Mikono ilinuka karafuu hata ukila muhogo wa nazi unaona umekula karafuu. Jioni tulizunguka chungu ya karafuu zilizorundikwa, tunachambua makonyo, vile vijiti vyake, kwa taa ya chemli, na mama anatutisha kwamba atakayesinzia atalazwa humo humo. Kijana wa leo ukimwambia achambue karafuu, kwanza anauliza kama simu inashika mtandao hapo alipokaa.

Banda letu lilikuwa la makuti. Mwaka baba alipoliezeka bati, tulikuwa wa kwanza mtaani, na kwa kuogopa kutu ya bahari akataka lipakwe rangi. Rangi alipewa na rafiki yake Makame, ambaye wakati huo alikuwa mvuvi kijana mwenye maneno mengi. Ilikuwa rangi ya mafuta, kijani, ile ya kupaka mashua. Hoja yao ilikuwa na akili: rangi inayokaa ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima, itashindwaje na mvua? Mtaa mzima ulikubali. Likapakwa, likapendeza hata wachuuzi wa samaki walishuka kwenye baiskeli zao kulitazama.

Yakaingia masika. Rangi ikavimba, ikapasuka, ikaning'inia vipande vipande. Kila mvua ikikatika, sisi watoto mbio chini ya banda kuviokota. Vilikuwa laini, vinakunjika vizuri, basi tukavifanya tambuu, yale majani ya kutafuna ya harusini. Tulicheza harusi. Asha, mtoto wa jirani, alikuwa bibi harusi, kanga ya mama yake inaburuzika chini. Mimi nilikuwa shehe wa kuozesha, kwa sababu kuongea nilikujua tangu hapo. Tambuu zilipitishwa juu ya mfuniko wa sufuria, kila mgeni anachukua yake, anatafuna hewa kwa heshima na kutema pembeni. Sijahudhuria tena harusi tamu kama zile, na yangu mwenyewe ikiwemo.

Kwa baba haukuwa mchezo. Karafuu zilipoanikwa, upepo uliyabeba magamba yale ukayatupa juu ya majamvi yake, na yeye na mama wakainama kutwa kuyaokota moja moja, watu wanapita wanatoa salamu na kucheka. Ndipo tulipopewa jina. Mgeni akiuliza kwa Mzee Hamadi, jina la baba, hapajulikani. Akiuliza kwa Magamba, anasindikizwa mpaka mlangoni. Baba aliiparua rangi yote na hakushika brashi tena.

Mimi jina hilo lilinifuata mpaka Tanga, nilikoanza kwa kubeba zege na kumaliza na stashahada ya ujenzi. Sikusomeshwa na mtu. Stashahada nimeitia kwenye fremu na kuitundika ukumbini, na anayekuja kunywa chai kwangu huisoma kwanza.

Kwa hiyo niliporudi Gando kulijenga banda upya, nilijua kosa lilikuwa wapi. Bati jipya hutoka kiwandani na utando wa mafuta usioonekana, na rangi ya mafuta yenyewe haielewani na zinki. Nikaenda Konde kununua siki, praima ya zinki, ile rangi ya kutanguliza chini, na rangi ya maji. Vyombo niliazima kwa majirani, kama wazee walivyotufunza. Asha, siku hizi Bi Asha mwenye wajukuu, alinipa ndoo na makumbi ya nazi ya kusugulia. Ngazi alinipa Mzee Makame, kwa sharti.

"Kaa nayo mpaka masika yapite," alisema, baraza zima linasikiliza. "Utaihitaji kwa kuparua."

Walicheka mpaka wakafuta macho. Usiku ule baba aliniita.

"Usipake, mwanangu," alisema. "Jina lile limezeeka, karibu litakufa. Usilifufue."

Nilipaka. Nilisugua kwa siki, nikasuuza, nikaacha likauke, nikapaka praima, kisha kijani, kijani kile kile. Halafu ngazi ikalala ukutani kwetu masika yote. Kila mvua ilipokatika, nilimwona baba akilizunguka banda na mkongojo wake, macho chini, anatafuta. Mzee Makame naye akipita huulizia afya ya ngazi yake kama anaulizia mgonjwa.

Mvua zilipokwisha, baba alisogea penye ukingo wa chini wa bati akalikwaruza kwa ukucha. Akakwaruza tena, kwa nguvu. Akautazama ukucha wake, mweupe, hauna rangi.

"Rejesha ngazi ya watu," alisema, akaingia ndani. Lakini alitoka tena amevaa kanzu na kofia, tukaenda pamoja, mimi na ngazi begani.

Mzee Makame aliipokea, akaiegemeza ukutani. Kisha akawageukia waliokaa barazani.

"Mpisheni Mzee Hamadi akae," akasema.

Nikamalizia kwa Bi Asha, nimpe ndoo yake. Alikuwa ukumbini na wajukuu, kila mmoja ameinamia simu, hakuna aliyeinua kichwa kuniamkia. Alitoka mpaka kizingitini akaliangalia banda letu kwa mbali, kijani tupu, halina hata doa.

"Umefanya kazi nzuri, shehe," alisema. "Lakini tambuu umetunyima."

Akawatazama wale watoto, akaichukua ndoo yake.