Kitambaa cha Maruni Juu ya Kompyuta

Mende wa kwanza alitoka mwenyewe. Fundi alikuwa amefungua skrubu mbili tu za ubavuni, kifuniko cha kompyuta yetu hakijatoka hata nusu, na yule mdudu akapenya, akasimama mezani, akatingisha masharubu kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango alfajiri. Niliruka nyuma nikakanyaga kiatu cha mteja mwingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimekagua vyoo vya watoto miaka mingi na sijawahi kutapika, lakini mende akinipitia karibu, chakula cha siku nzima nakisamehe.

"Mathe, tulia," fundi akasema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye kiduka nyuma ya soko la Kitengela, na vidole vyake havikuogopa kitu. "Huyo ni soja wa geti. Wenyewe wako ndani."

Kweli walikuwa ndani. Kifuniko kilipotoka, lile vumbi letu la Kitengela, la simiti na kokoto, lilikuwa limeshikana na mafuta ya jikoni na nywele za watu, likawa zulia. Juu ya zulia, vinyesi vya mende. Pembeni, maganda ya mayai ya mjusi. Harufu ilikuwa ya omena waliosahaulika kwenye mfuko. "Mayi!" nikamwita mama kwa lugha ya kwetu, nikajiziba pua kwa leso. Uchafu huo ulikuwa umekaa sebuleni kwangu, hatua tatu kutoka meza ninayopangia chapati, na mimi ndiye mwanamke anayesugua kuta za choo kwa mswaki. Nilitamani kumwambia fundi azirudishe skrubu zake na kuitupa ile takataka kwenye shimo la machimbo.

Sikuweza kuitupa, na sababu ni mume wangu.

Aliendesha trela miaka yake yote, Athi River hadi Namanga na kuvuka mpaka. Halafu ugonjwa wa sukari ukampeleka kukatwa mguu wa kulia chini ya goti, mguu wenyewe wa breki na mafuta. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti kimoja akiangalia ukuta. Hakugombana na mtu. Afadhali angegombana, kugombana nakuweza. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Siku ya kliniki aliniambia, "Nenda wewe." Nilipomfikisha kwa kumlazimisha, daktari aliniambia wazi, mbele yake, kwamba mtu wa sukari akikataa chakula na sindano hafiki mbali. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kama anayesikia habari za hali ya hewa.

Binti yetu, ambaye anafanya kazi Kajiado mjini, ndiye aliyekuja wikendi moja na wazo. Alikuwa ametuachia kompyuta yake ya zamani, mtumba wa siku za chuo. Akaweka ndani mchezo wa kuendesha malori. Breki na mafuta ni vidole, mguu hauhitajiki.

Barabara za mchezo ule ni za Ulaya, zimenyooka, hakuna mbuzi wala punda. Mume wangu hakujali. Alizibatiza upya. Mji wa kwanza akauita Isinya, wa pili Kajiado, ule wenye daraja Bisil, na wa mwisho Namanga. Alipiga honi kwenye malisho matupu na kuita kwa salamu ya Wamaasai, "Sopa!" Kisha akajiitikia mwenyewe. Alijidunga sindano kabla ya kuwasha injini, kwa sababu, alisema, dereva hatoki bila kukagua gari. Na akifika Namanga aliomba chakula. Naomba mnielewe vizuri: aliomba mwenyewe, na akamaliza sahani.

Halafu lori likaanza kukwama. Mwanzo ilikuwa karibu na Bisil, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Wiki iliyofuata ikawa Kajiado. Mwishowe Isinya hafiki, skrini inazima puu.

"Injini inashika moto," mume wangu alisema siku ya kwanza tu.

"Kompyuta haina injini, baba," nilimjibu. "Hiyo ni uzee."

Siku aliposhindwa kutoka hata Athi River, aligeuza kiti akaangalia ukuta. Jioni hiyo alikula vijiko viwili. Kesho yake nikaifunga ile mashine kwa shuka, nikaita boda, nikaikumbatia hadi kwa fundi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo ningependa kulipita, lakini halipitiki. Kwetu magharibi, nyumba bila vitambaa ni stoo. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, televisheni, friji, hata chupa ya chai. Nilifundishwa kushona kwa sindano ya krosheti kabla sijajua kuandika jina langu. Na lile boksi jeusi la kompyuta, pamoja na nyaya zake, lilinichefua tangu lilipoingia sebuleni. Kwa hivyo nililishonea gauni, maruni na krimu, la kulifunika kutoka juu hadi sakafuni, na maua ubavuni. Nililitia uji mwembamba wa muhogo likakauka gumu, nikalipiga pasi. Halikuvuliwa hata mashine ikiwaka. Akina mama wa ushirika wa kanisa huja bila kupiga simu, na sikutaka waone.

Basi pale dukani, fundi alipuliza vumbi kwa blowa hadi mtaa wote ukakohoa. Kisha akaingiza koleo jembamba kwenye feni na kuvuta. Likatoka donge. Akalivuta tena, likarefuka, nyuzi kwa nyuzi, zimeviringika kwenye mhimili hadi feni ilikuwa karibu kusimama. Alilifuta kwa kidole, rangi ikaonekana.

"Hii ni nini, mathe? Uko na sweta ndani ya kompyuta?"

Maruni na krimu.

"Sijui," nikasema. "Labda panya."

Nilijua. Nilisimama pale na leso puani, nikamsingizia panya, mimi ninayewachapa watoto maneno kila siku kuhusu kusema kweli. Fundi aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi.

Alikuwa fundi hodari, sitamnyima haki yake. Aliosha feni kwa brashi. Akakwangua dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ikawa chokaa, akapaka mpya. Akaongeza memori. Akatoa diski ya zamani iliyokuwa ikikoroma, akaweka ile ya kisasa isiyozunguka. Akafuta programu chungu nzima zilizokuwa zinaamka pamoja na mashine bila kuitwa. Mwisho akaingia ndani ya mchezo wenyewe, akapunguza vivuli, akapunguza nyasi za kando ya barabara.

Nilipompigia mume wangu simu kumwambia nyasi zimepunguzwa, alisema, "Nyasi za nini? Kajiado kwenyewe hakuna." Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania kwa wiki kadhaa, na nilifurahi hadi nikatabasamu na watu wa soko.

Mashine iliendesha lori pale dukani mchana kutwa bila kusita. Nikairudisha nyumbani. Nikalifua lile gauni, nikalitia uji wa muhogo upya, nikapiga pasi, nikaivisha.

Naona mnashangaa. Hata mimi nashangaa. Lakini siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya ushirika, na akili yangu yote ilikuwa kwa macho ya wale wanawake. Walikuja wanane. Kabla sijawafungulia mlango nilifanya ninachofanya daima: nilichukua kitambaa cha pili cha uzi uleule, nikakitandaza juu ya mapaja ya mume wangu, kikafunika mguu ule uliokatwa na nafasi tupu iliyo chini yake. Nilipoulizwa mara ya kwanza, nilisema ni cha kuzuia baridi. Kitengela, saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto! Hakuna aliyeuliza tena.

Waliomba, wakanywa chai, wakaondoka. Mume wangu akajidunga sindano, akawasha lori. Niliosha vikombe nikimsikiliza. Isinya akapita. Kajiado akapita, akapiga honi. "Sopa!" Kisha kimya. Nilipotoka jikoni skrini ilikuwa nyeusi na yeye amekaa na mikono mapajani.

"Bisil," akasema. "Toa hii kitu hapa. Na kesho usinipikie."

Alisema kwa upole kabisa. Nikaingia chumbani nikafunga mlango na kulia kwa hasira, kisha nikampigia fundi nikamtukana. Nilimwita mwizi. Nilimwita tapeli wa kuwaibia wagonjwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kesho saa sita nakuja kwako, mathe. Usiiguse."

Alikuja saa sita kamili. Nami, kwa mazoea, nilikuwa nimeshamfunika mume wangu mguu. Fundi alisalimia, akavua viatu, akasimama katikati ya sebule akiangalia: viti, redio, friji, chupa ya chai. Kisha akaangalia lile gauni. Hakulitoa. Alimwambia mume wangu awashe lori, tukakaa, tukangoja. Picha ilipoanza kuruka, aliniita.

"Weka kiganja hapa."

Nikaweka juu ya kitambaa, nikautoa mkono mbio. Kilikuwa na moto wa chapati.

"Ikishika moto inajipunguzia mwendo isiungue. Ndio lori inakwama. Ikizidiwa, inazima." Akalivua gauni kwa vidole viwili. Mende akaanguka, akakimbilia chini ya kiti. "Na hao wanapenda huu uji wako wa muhogo. Umewapikia, umewajengea, umewafunika." Akashusha sauti. "Si nilikuuliza dukani hizi nyuzi ni za nini?"

"Uliniuliza," nikasema. "Na nilijua ni zangu. Nisamehe kwa yale ya simu."

"Mimi nilisema injini inashika moto," mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakucheka.

Fundi alipuliza tena, akasogeza boksi mbali na ukuta, akangoja hadi lori likapita Bisil. Kisha akaaga. Nilimsindikiza hadi getini, nikabaki nimesimama pale muda kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kurudi ndani.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameshika ncha ya kile kitambaa cha pili.

"Huyu hakuwa mgeni. Ni fundi," akasema. "Hata yeye ulinifunika?"

Akakivuta, akakirusha juu ya lile gauni lililokuwa sakafuni. Mguu ukabaki wazi, mweusi, ngozi imekunjwa mwishoni kama mdomo wa gunia lililoshonwa.

Niseme ukweli, kwa kuwa fundi nilimnyima. Tangu atoke hospitali sikuwa nimeugusa. Alikuwa akiuosha mwenyewe bafuni, mlango umefungwa, na mimi niliushukuru ule mlango. Wanawake wa ushirika hawakunituma nimfunike. Ni mimi niliyekuwa nahisi kinyaa kwa mguu wa mume wangu, na yeye alijua, na alikuwa akiangalia ukuta kwa sababu ukuta haukunji uso.

"Weka kiganja," akasema.

Kinyaa kilinipanda, kilekile cha mende, na nikaona aibu kwamba kilikuwa kilekile. Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja pale mwisho, palipokunjwa. Mkono ulitaka kukimbia, nikaukatalia.

"Iko moto?"

"Hapana. Ina joto tu."

"Basi ni mimi huyo." Akageukia skrini, vidole vikarudi kwenye breki na mafuta. "Usitoe mkono. Tutakula tukifika Namanga."