Rangi ya Hellen

Eddah alihariri video za mazishi katika chumba chake kule Langas. Harusi aliwaachia wengine. Kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika, mpaka Mzee Kipyego, mkulima wa Turbo, aliporudi na video ya matanga ya mkewe. Walikuwa wameitazama kwenye televisheni ya nyumbani, yeye na watoto.

“Kazi ni nzuri, mama,” alisema kwa upole. “Lakini huyu si Hellen. Umemfanya mwekundu kama tofali.”

Eddah hakubisha. Kioo cha laptop yake kilikuwa kimechoka, kikionyesha kila kitu samawati, naye alikuwa akiongeza wekundu ili kurekebisha. Akawakumbuka marehemu wote aliowapaka wekundu huo.

“Mzee, twende mjini tutafute skrini,” alisema. “Mimi sikumjua Hellen akiwa hai, wewe ndiye utakayeitambua rangi yake.”

Dukani, Eddah alitoa flashi yenye video ambayo familia ilikuwa imempa, Hellen akianua mahindi, kama ilivyotoka kwenye kamera. Vincent, mwenye duka, akaifungulia kwenye skrini pana iliyopinda.

“Hii vijana wa gemu wanaipenda, madam. Inaenda mbio.”

Mzee akatikisa kichwa. Hellen aling'aa kama amepakwa mafuta. Skrini ya pili ilikuwa mpya na ya bei rahisi, ila ukisogea kando kidogo uso wake uligeuka kivuli. Ndipo Vincent akatoa nyingine, kuukuu, yenye mkwaruzo pembeni.

“Ilitumika kwenye ofisi moja. Haina mbio, lakini rangi yake haidanganyi.”

Mzee Kipyego akavua kofia. Chini ya jicho la Hellen palikuwa na alama ndogo ambayo Eddah hakuwahi kuiona.

“Aliungua jikoni, mwaka tuliooana,” mzee alisema. “Ni yeye. Wacha icheze kidogo.”

Eddah aliichukua hiyo. Skrini mbili hangeweza kuzilipia, hivyo laptop ingebaki kando, ya kupangia vipande vya video tu. Alimrekebisha Hellen kwanza, kisha akaanza kuzipigia simu familia nyingine, akijitolea kurudia kazi bila malipo. Nyingi zilishukuru. Mama mmoja wa Kaptagat, aliyefiwa na binti, alikataa.

“Usimguse,” alisema. “Hivyo ndivyo tunavyomwona siku hizi. Tumeshamzoea.”

Simu ikakatika. Eddah alikaa nayo mkononi, asijue kama amefanya vyema kupiga.