Siku Bima Ilipotaka Leseni ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na msemo mmoja kuhusu wanawake na magari: kwamba mwanamke akiona kioo cha gari hukumbuka uso wake, akasahau barabara. Alipenda kuusema mbele ya wageni, mimi nikiwa namimina chai, na wageni walicheka kwa sababu chai ilikuwa yetu.

Tulikaa Makongeni. Mimi nilishona sare za shule katika chumba cha mbele, yeye alikuwa karani wa stoo huko viwandani. Gari lilikuwa lake, dogo, la rangi ya majivu, na tangu alinunue hata mwendo wake wa miguu ulibadilika; alitembea akizungusha funguo kidoleni kama mtu aliyechelewa mkutano. Kwa miaka sita nilikaa kiti cha kushoto nikihubiriwa. Kila dereva wa Jogoo Road alikuwa mjinga, kila mmoja alikuwa amenunua leseni, na mimi niliitikia kwa kichwa.

Mama yangu anaishi Dandora. Miguu ilipoanza kumvimba, alitakiwa kliniki kila baada ya wiki mbili. Mume wangu alimpeleka mara mbili. Mara ya tatu akasema vumbi la Dandora linamharibia injini. Nilikwenda nikajiandikisha katika shule ya udereva, na sikumwambia mpaka nilipokuwa na leseni ya mwanafunzi mkononi.

Alicheka kwanza. Nilipomwomba nifanyie mazoezi kwa gari letu Jumapili, akaacha kucheka.

“Bima hairuhusu,” akasema.

Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akasema mambo ya bima ni marefu, sitaelewa. Alilirudia neno hilo wiki mbili nzima, kwa sauti ile ya upole ambayo watu wazima huitumia kwa watoto wenye homa. Mwishowe nilifungua droo, nikatoa karatasi ya bima na kuisoma yote. Ilichukua dakika tano. Sikuona chochote cha kunishinda. Kulikuwa na nambari ya simu chini, nikapiga, na binti aliyepokea akanieleza kwamba mwanafunzi anaweza kuongezwa, mradi twende wote wawili na mwenye gari akubali kwa sahihi yake. Miaka yote mume wangu alikuwa akiikata bima hiyo kwa ajenti rafiki yake, mtu asiyeuliza maswali. Rafiki huyo alikuwa amehamia kwao mashambani, kwa hiyo ilibidi twende ofisini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Binti mwenyewe alikuwa amejifunga mtandio, mtoto wa Waswahili wa mtaa wa pili, na Kiswahili chake kilikuwa na adabu iliyonifanya nikae wima. Mume wangu hakuniacha niseme. Alimweleza kwamba mimi ndiye ninayesumbua, kwamba yeye anahofia gari, kwamba kina mama wakishika usukani wanashtuka ovyo. Binti aliandika bila kuinua macho.

“Mama akijifunza, nani atakaa naye garini?” akauliza.

“Mimi mwenyewe. Hakuna mwalimu wa kunishinda.”

“Basi naomba kuona leseni yako, mzee.”

Akasema ameiacha nyumbani. Binti akasema si neno, siku hizi leseni inaonekana hata kwenye simu, aifungue tu. Akasema mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma ujumbe wa mteja. Nilidhani amesahau neno la siri, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfungulia akaunti ya serikali mtandaoni alipotaka cheti cha polisi cha mwenendo mwema, nikamsaidia. Nilichukua simu kutoka mkononi mwake. Sasa ndipo ninapokumbuka jinsi vidole vyake vilivyoikaza kabla ya kuiachia.

Niliyoiona ilikuwa leseni ya mwanafunzi. Iliisha muda wake miaka saba iliyopita. Hapakuwa na nyingine.

Nilimpa binti ile simu. Aliitazama, akamtazama mume wangu, akaishusha sauti yake ili watu wa benchi wasisikie. “Mzee, siwezi kukuandika kama msimamizi wa mama. Kwa sheria, nyote wawili ni wanafunzi.” Kisha akatueleza kwamba katika fomu ya kwanza mume wangu alitia sahihi kuwa ana leseni kamili, na kama angegonga mtu, kampuni ingekuwa na haki ya kukataa kulipa.

Mume wangu akasema serikali imekosea. Baadaye akasema mtihani ni mchezo tu, kila mtu anajua.

Mimi nilikuwa namfikiria mwendesha bodaboda. Mwaka uliotangulia gari letu lilimgusa kijana mmoja kwenye mzunguko, akaanguka. Mume wangu aliteremka mbio, akampeleka zahanati yeye mwenyewe, akamnunulia chakula, akamsihi wasifikishane polisi. Nilimsifu kwa mama yangu. Nilisema nimeolewa na mtu mwenye huruma. Na kila askari aliposimamisha gari, mume wangu alishuka akazungumza naye nyuma ya buti, akarudi akisema wanamheshimu. Niliamini hilo pia. Kumdharau yeye kulikuwa rahisi siku hiyo. Kujidharau mimi kulichukua muda zaidi.

Tuliposhuka ngazi alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva.

“Nipe funguo,” nikasema.

“Wewe huwezi kuendesha.”

“Najua. Wala wewe.”

Tuliliacha gari katika uwanja wa lile duka na kurudi kwa miguu, yeye akiwa mbele hatua kumi. Asubuhi yake mwalimu wangu wa udereva alikwenda kulichukua.

Alichukua upya leseni ya mwanafunzi, na mtihani tuliufanya siku moja, mimi na yeye. Mimi nilipita. Yeye gari lenyewe alilijua vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alishindwa mezani, penye ubao wa barabara ndogo na vigari vya kuchezea. Alikiingiza kigari kwenye mzunguko kutoka upande usio sahihi, na aliposahihishwa akabishana kwamba mjini watu hawaendeshi hivyo. Inspekta akamwambia ni kweli hawaendeshi hivyo, na arudi akiwa amesoma.

Bima ikaandikwa upya. Dereva ni mimi. Chini yangu liko jina lake kama mwanafunzi, asiendeshe bila mimi kukaa kando yake. Aliitia sahihi haraka sana, kama anayetia sahihi hospitalini. Majirani aliwaambia daktari amemkataza kuendesha kwa sababu ya mgongo. Hata akaanza kushika kiuno alipopanda ngazi.

Alipita mara ya tatu. Jioni hiyo nilimsikia akizungumza na kaka yake kwenye simu, akisema alikuwa ametoka kuhuisha leseni yake, na foleni ilikuwa ndefu, na vijana wa siku hizi hawajui kazi. Nilikuwa mezani nikikata kola za sare. Kaka yake aliuliza jambo, mume wangu akacheka, akamwambia kwamba mke wake bado anaendelea kujifunza polepole. Nikamalizia kola zangu.