Pikapu ya Jirani Haigongi

Juma lililopita nilikuwa kwenye gereji moja mjini Nyeri wakati mkulima mmoja alipoingia na pikapu iliyojaa viazi, akaanza kumfokea fundi kabla hata hajazima injini.

"Yangu inagonga ka-ka-ka nikipanda mlima ya Wamagana. Ile ya jirani yangu inapanda kimya kama paka. Ati uliiwekea nini?"

Fundi alipangusa mikono polepole. "Wewe unapanda na gia gani?"

"Ya nne."

"Na mzigo?"

"Gunia kumi na tano. Yeye hubeba nane tu, na anapanda na ya pili."

"Sasa si unaona? Injini ikilemewa ikachemka, petroli inajilipukia yenyewe huko ndani. Weka ya pili."

"Nikiweka ya pili atanipita, na bibi yangu akiona!"

Fundi alikubali kuuchelewesha kidogo moto wa plagi ili injini isigonge, lakini akamwonya kwamba nguvu itapungua. Mkulima akamshika mkono. "Na ile yake, si unaweza kuichelewesha zaidi?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Mimi sikucheka. Shemeji yangu, ambaye hunipita kila mlima, hupeleka gari lake kwa fundi huyo huyo, na nilitaka kwanza kusikia jibu.