Mgunga wa Bibi Udameda

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu mmenibana, na pia kwa sababu mkifika Hanang mtalisikia tu, tena limeongezwa chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mnajua mimi ni fundi wa laini kubwa ya umeme, ile inayokatiza uwandani. Asubuhi hiyo, baada ya mvua na upepo mkali, laini ilizima, ikajaribu kujiwasha yenyewe kama ilivyotengenezwa, ikazima tena na kugoma (hapo ujue kilichogusa waya bado kipo palepale). Mashine za kusaga zimesimama, watu wananipigia simu mimi kama vile umeme nimeuficha chini ya kitanda. Safari, mwenzangu wa kituo cha upande wa pili, akanisomea kilomita ambazo kifaa chake kimepima mpaka kwenye hitilafu. Nilitaka kumuuliza, hizo zinahesabiwa kutoka kwako au kutoka kwangu? Lakini ndiyo kwanza nimepewa kuongoza timu, mafundi wenzangu wananitazama, nikaona swali lenyewe la kitoto. Nikasema, "Nimekupata," tukapanda gari.

Tukaenda, tukanasa kwenye tope, tukasukuma, tukaenda tena, na kilomita zilipotimia nikaona mgunga mkubwa kando ya laini, chini yake ndama wamelala. Mwenyewe ni Bibi Udameda, mjane, mfugaji. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, nikamwambia mti wake ndio umezima umeme.

"Huu?" akautazama juu mpaka chini. "Binti yangu, huu haujawahi kugusa waya. Na ndama wangu watakaa wapi jua likiwaka?"

"Bibi, kifaa ndicho kimesema." (Masikini kifaa, hakikusema hivyo.)

Tukakata tawi moja, kwa heshima. Tukasogea pembeni, nikampigia Safari: "Washa." Ikazima. Tukakata matawi yote ya upande wa laini. "Washa." Ikazima tena, na Safari akaanza kuguna. Watu nao wanazidi kujaa, sasa ukishakata nusu ya mti wa mtu mbele ya majirani zake utasemaje kwamba huna uhakika? Nikaamuru chenso iingie shinani. Mgunga ukalala. Nikaweka simu spika ili wote wasikie ushindi wangu, nikasema kwa sauti ya mkuu wa mkoa, "Sasa washa!"

Ikazima.

"Dada Paskalina," Safari akasema taratibu, "hebu niambie, umehesabu kutoka kwangu au kutoka kwako?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kicheko kilikuja mara mbili, kwanza cha wanaojua Kiswahili, halafu, baada ya kutafsiriwa, cha wengine wote, na hicho cha pili ndicho kilichonimaliza. Bibi Udameda peke yake hakucheka. Aliangalia kisiki, akaniuliza, "Na mti wangu, nao mtauwasha?"

Nikapanda gari, tukahesabu upya kutoka kwa Safari. Hitilafu tuliikuta nyuma ya kituo chetu wenyewe, hatua chache kutoka ninapoegesha gari: turubai la mtu la kuanikia maharage, limepeperushwa na upepo, limelowa, limejiviringisha kwenye waya. Tulilitoa, umeme ukarudi, mji ukashangilia, mimi nikajifungia ofisini.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi kwa bibi na miti na mabati niliyonunua mwenyewe, nikajenga kibanda cha ndama huku amekaa kwenye kigoda ananisimamia. Nilipotoa futi kupima, akasema, "Anzia huku, binti yangu. Huko ndiko utakakomaliza." Halafu akanipa maziwa, nikayanywa nimeinamisha kichwa.

Siku hizi nauliza kila kitu mara mbili. Hata nikiambiwa duka liko mbele, nauliza mbele ya nani. Wenzangu wananicheka, wacheke. Ila nikipita njia ile saa za jua kali, nikawaona wale ndama wamesimama nje ya kibanda changu kwa sababu mabati yanachoma, huwa nakanyaga mafuta na kutazama mbele tu.