Kidole Kisichoshika Masizi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitapenda. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala binamu ya jirani. Sikuwa nimelala, na pombe siijui. Nilikuwa karakanani kwangu Msambweni, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Watu hudhani mambo ya aina hii yanataka giza. Nani aliwaambia?

Mimi ni seremala. Wazee wangu ni Wakamba waliopewa shamba huku kwenye skimu ya makazi ya serikali, nami nimezaliwa huku, na Kiswahili changu unakisikia. Hutengeneza vitanda na milango ya mahoteli ya Diani. Na nakiri kwamba nilikuwa nikijisifu. Nilikuwa nikisema hadharani kuwa ubao wa kunishinda mimi bado haujaota.

Basi siku moja akaja Mzee Ndurya, mfugaji wa upande wa Taru, amebeba bunduki ndefu iliyofungwa kwa shuka. Kibali alikitoa mfukoni kabla hata sijafungua kinywa. Ilikuwa bunduki ya marehemu babake, ya enzi za uwindaji, naye sasa aliitumia kulinda zizi. Fisi walikuwa wamemzidi, na mmoja alikuwa amemng'ata mchungaji wake mguu. Lakini kile kitako cha mti, mahali unapoegemeza bega na kulaza shavu, kilikuwa kimepasuka shingoni. Mara ya mwisho alipofyatua, kibanzi kiliruka kikamchana chini ya jicho. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Nimebaki na macho mawili, fundi," aliniambia. "Ningependa nizikwe nayo yote mawili."

Bintiye anayeishi ng'ambo alikuwa amemtumia kitako kipya. Alipokitoa kwenye boksi nilicheka. Kilikuwa cha tabaka tabaka, vipande vyembamba vya mbao, kahawia na kijivu, vimegandishwa kwa gundi. Nikamwambia, "Mzee, binti yako amekutumia plaiwudi."

Kisha nikakishika, na kicheko kikakatika. Niamini, sijawahi kushika kitu kama kile. Kilikuwa kizito kwa namna ya kumpendeza mtu, kimenyooka, hakina fundo wala ufa, na zile tabaka zilipinda zikifuata umbo la shingo kama mistari kwenye ganda la konokono. Wewe ukae pwani hii ujue mbao zinavyotutesa. Masika ikiingia mlango unafura, kiangazi unalegea. Lakini mbao zilizogandishwa vile, kila tabaka inamshika mwenzake asifurukute. Nilikigeuza na kukigeuza mpaka Mzee akakohoa.

Tatizo ni kwamba kitako cha namna hiyo huja kimechongwa karibu kutosha. Kile kidogo kilichobaki ni kazi ya fundi. Tukapatana. Kila asubuhi Mzee angekuja na bunduki yake, akae kwenye kigoda nikifanya kazi, na jioni aondoke nayo kwa jamaa yake alikofikia. Risasi alikuwa ameziacha kwake.

Siku ya kwanza, kabla sijatia bisibisi, alinizuia mkono. "Aliyechonga hicho cha zamani alikuwa fundi. Mwombe rukhsa kwanza. Fundi hafungui kazi ya fundi mwenzake bila kumwambia."

"Yuko wapi nimpigie simu?"

"Alikwisha kufa zamani."

"Basi hatapokea," nikasema, nikafungua.

Ndani ya ule mti wa zamani, chini kabisa, mahali ambapo mtutu hulala na jicho la mtu halifiki, nilikuta alama ndogo imechongwa: mwezi mchanga na nukta tatu. Nikaitazama, nikaona ni nzuri. Halafu nikafanya nini? Siku ya pili, Mzee akiwa amekwenda kununua maandazi na chuma cha bunduki yake begani, nikachukua shoka, nikaupasua ule mti, nikaanza kuutia kwenye jiko la hapo karakanani kuchemshia chai. Ulikuwa mkavu, uliwaka vizuri. Mzee aliporudi akanywa vikombe viwili.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Unawasha koroboi, unakifukiza chuma cha bunduki kwa moshi mpaka kinakuwa cheusi kwa masizi. Unakilaza ndani ya mti, unakikandamiza kidogo, unakiinua. Pale palipogusana pameacha weusi. Unapakwangua hapo tu, wembamba wa karatasi. Unarudia tena, na tena, mara hamsini, mara mia, mpaka weusi umeenea sawa. Chini ya mtutu kuna kijino cha chuma ambacho hupokea kishindo cha bunduki. Hicho lazima kiegemee mti barabara, mgongo kwa mgongo. Kikiwa na nafasi, bunduki itapiga mti kama nyundo, na mti utapasuka palepale ulipopasuka wa kwanza.

Ijumaa asubuhi nilikwangua nyuma ya kijino nikiwa na haraka. Nilipokirudisha chuma, nikaona mwanga. Nafasi ya unene wa ukucha! Ubao ukishautoa, huurudishi. Na kitako kile, Mzee angekipata wapi kingine?

Sikumwambia. Adhana ilipolia akasimama. Akachomoa kile chuma cha kusukumia risasi, ambacho bila yake bunduki ni bomba tu, akakitia kwenye mfuko wa kanzu. Akaniambia nifunge mlango mpaka atoke msikitini, ng'ambo ya barabara.

Kwa desturi yetu hapa, Ijumaa hata sisi Wakristo tunaweka zana chini saa ile. Hakuna sheria, ni heshima ya ujirani tu. Siku ile nilitia komeo kwa ndani, si kwa heshima. Nilitaka kuitumia nafasi hiyo. Kila seremala anaijua hila ya kuchanganya gundi na vumbi la mbao, kujaza pengo, kupiga msasa na kupaka vanishi. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaikoroga kwenye kifuniko cha mkebe, kijiti mkononi, niliposikia sauti mgongoni.

"Hodi."

"Karibu," nikaitikia. Mdomo ulijibu peke yake, kama tulivyozoeshwa.

Alikuwa mzee mwembamba, kikoi na shati jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto hakikuwa na ncha. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka. Hakunitazama mimi. Alikitazama kitako.

Akakichukua. Akakipitishia kiganja kutoka mwisho hadi mwisho, kisha akakinusa. Nimeona watu wakibeba mjukuu wa kwanza, alikibeba hivyo.

"Mti huu haujui masika," alisema. "Sisi tulikuwa tukiomba mti wa namna hii, hatukuupata."

Kisha akaliona pengo, na akaiona gundi yangu. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Hakunifokea. Aliuliza tu, taratibu, "Shavu la mtu litalala hapa, mwanangu. Hilo nalo utalificha?"

Wewe ungejibu nini?

"Mti wa zamani uko wapi?"

Nikaonyesha jikoni kwa kidevu. Halafu akainama, akatia mkono kwenye makaa, naapa, makaa mekundu ya chai ya asubuhi, akapekua polepole kama anayetafuta kiazi, akatoa kipande kimoja ambacho moto ulikuwa umekila upande mmoja tu. Akakipangusa. Ngozi yake haikuwa na hata doa la masizi. Nikasema moyoni, huyu ni fundi wa chuma, mikono imekufa ganzi. Akili hutafuta pa kujishikiza.

Akachukua patasi yangu. Kile nilichokiona hapo ndicho kinachonifanya nisimwogope mpaka leo. Alichonga kabari nyembamba kutoka kwenye kile kipande, pasipo kupima, pasipo penseli, maganda yakianguka yamejikunja kama nywele za mtoto. Akaipachika nyuma ya kijino, akaigonga kwa kiganja mara moja. Ikaingia, ikakaa. Nikamnyooshea kifuniko cha gundi, akatikisa kichwa.

Kisha akanishika kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkono wake ulikuwa wa baridi, si baridi ya kutisha, baridi ya mtungi. Akakipitisha kidole changu pale kabari ilipokutana na mti mpya. "Macho hudanganywa," akasema. "Hiki usikubali kidanganywe."

Nilitafuta maungio. Sikuyasikia. Nilipoinua uso kumwambia, hakukuwa na mtu.

Mlango ukagongwa. Mzee Ndurya, kutoka msikitini. Nilipokwenda kumfungulia ndipo nilipoliona lile komeo, limekaa vilevile nilivyolitia kwa mkono wangu. Nikalitoa, nikamfungulia.

Nilimweleza yote, na kosa langu, na kuni za chai. Alikichunguza kitako, akachungulia nyuma ya kijino, akaniita. Kwenye ile kabari, upande unaotazama juu, kulikuwa na mwezi mchanga na nukta tatu. Kati ya mti wote nilioupasua, ni kile kipande tu ambacho moto ulikuwa umekiacha.

"Fundi wa Majoreni, aliyemchongea baba," alisema Mzee. "Kidole cha kushoto hakikuwa na ncha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini.

Jumatatu nilikwenda Majoreni. Binti wa fundi yule yuko hai, bibi mzito wa maneno machache. Nilimkuta anakuna nazi. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliinuka, akaipindua ile mbuzi ya kukunia, na chini yake niliiona alama ileile.

"Baba hakuwa mtu wa hasira," alisema. "Ila kazi ya mtu haichomwi. Mwombe radhi." Nikamwomba, palepale, mbele ya nazi. Nilijihisi mjinga, na pia nilijihisi mwepesi.

Kitako cha Mzee kipo mpaka leo, masika tatu zimepita, hakijafura wala kulegea. Fisi wamehama zizi lake, na yeye ana macho yake mawili.

Mimi nilibaki na kidole. Tangu Ijumaa ile, kidole gumba changu cha kulia hakishiki weusi wowote. Masizi, grisi, wino, vyote vinateleza. Nilipojiandikisha kupiga kura, mashine ya alama za vidole ililia mpaka karani akakifuta kidole kwa shati lake. Daktari anasema ni msasa umekula alama za kidole, maseremala wengi wako hivyo. Sawa. Lakini msasa haunielezi kwa nini kidole hicho hicho kinasikia pengo la unywele chini ya vanishi. Mafundi wa hoteli huniletea kazi zao niziguse, na wengine, wale wa kujaza pengo kwa gundi, wamekoma kuja.

Kwa hiyo nawe, kabla hujaifungua kazi ya mtu, mwambie. Kama amekufa, mwambie zaidi. Na ukisikia hodi ya mchana mgongoni kwako, na mlango umeutia komeo mwenyewe, itikia kwa adabu, kisha tazama jikoni umechoma nini.